Ubao wa kuserfu wa kutembea hadi puani: nichukue futi 9 na inchi 1 au futi 9 na inchi 6?

*"Habari mwalimu. Mi naongoza rafti hapa Jinja, nina kilo 68, urefu mita 1.70. Niliserfu Malindi misimu miwili ya kusi kwa longibodi (ubao mrefu wa kuserfu) ya sponji ya kukodi, wimbi la kijani, lile ambalo halijavunjika, naweza kulishika na kona pole pole naweza kukata, mguu wa kushoto mbele. Sasa nimepata kazi ya miezi minne Imsouane, Moroko, kuanzia Novemba, na nachotaka hasa ni kujifunza kutembea juu ya ubao mpaka puani, ile ncha ya mbele, nining'inize vidole. Huko huko kuna watu wawili wananiuzia kwa simu: mmoja ana ubao wa futi 9 na inchi 1, mwepesi, wa epoksi, mapezi matatu. Mwingine ana wa futi 9 na inchi 6, mzito, pezi moja kubwa. Marafiki wote wanasema mi ni mwepesi nichukue mfupi, eti cha maana ni pua iwe pana na iwe na bonde chini yake. Na yule wa mfupi ananiambia lita, yaani ujazo wa ubao, ni karibu sawa. Nani anasema ukweli? Na naweza kufanya mazoezi kwenye Nile kabla sijaenda? Bega langu la kushoto lilitoka mwaka jana kwenye kayaki, kama hiyo inahusu."*

Asante dada, na hongera kwa kazi. Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba utanunua kitu kikubwa kuliko mwili wako alafu kikusumbue miezi minne, na wakati huo huo unaogopa kununua kidogo na usifike puani hata siku moja. Jibu langu ni kwamba chukua ule wa 9 na 6, ila kwa sharti moja: mkia wake uwe vile nitakavyoeleza hapa chini. Hilo bonde la pua waliokuambia marafiki ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuangalia. Na bega linahusu, tena sana, nitalifikia.

Tuanze na hii ya pua pana maana kila mtu anaisema. Hebu fikiria mwenyewe, mtu wa kilo 68 amesimama kwenye ncha ya ubao na nyuma yake kuna futi nane tupu hazina mtu. Kwa hesabu ya kawaida ubao ungepiga mbizi hapo hapo. Na kweli ukijaribu kwenye maji tulivu, hata kwenye bwawa la hoteli, pua itazama, iwe pana au nyembamba, iwe na bonde au isiwe nalo. Kwa hiyo kinachokubeba kule mbele sio pua peke yake. Kazi kubwa inafanyika nyuma kabisa, mahali ambapo we mwenyewe hupaoni kwa sababu umepapa mgongo. Mkia umeshikwa na wimbi.

Unashikwaje? Wimbi linaloelekea kuvunjika lina maji yanayopanda juu kwenye uso wake kwa kasi. Mbele, hayo maji yanapita chini ya pua yakiisukuma juu, na hapo upana unasaidia kweli, sikatai. Nyuma, ubao umekaa ndani ya sehemu ya wimbi iliyo karibu na povu, maji yanapanda juu ya ukingo na kupita juu ya mkia, uzito wake unaukandamiza. Na juu ya hapo kuna jambo la tatu ambalo watu hawalioni: maji yakipita kwenye kitu cha mviringo hayaachani nacho kirahisi, yanakifuata umbo lake, na yakikifuata yanakivuta upande wao. Nenda jikoni, shika kijiko kwa kulegeza vidole viwili, kiache kining'inie, alafu sogeza mgongo wake uguse maji ya bomba yanayotiririka. Ungetegemea maji yakisukume kando. Yatakivuta ndani, na ukijaribu kukitoa utahisi kinang'ang'ania. Sasa mkia wa ubao wa kutembelea pua umekunjwa kuelekea juu kwenye sehemu yake ya mwisho, na kingo zake ni za mviringo, kwa hiyo maji yanayopita chini yake yanaufuata ule mkunjo na kuuvuta mkia chini. Mkia ukivutwa chini, pua inabaki juu hata kama we uko juu yake. Ndo maana nasema nunua mkia, pua itafuata.

Ukishaelewa hilo mambo mengine yanajipanga yenyewe. Ukingo mkali wenye kona ya kisu unafanya maji yaachane na ubao haraka, hiyo ni nzuri kwa mbio na kwa kona kali, lakini hapa hatutaki maji yaachane, tunataka yang'ang'anie. Mkia mwembamba na ulionyooka unainuka na kuteleza juu ya maji, kwa hiyo ukienda mbele unachomoka wote kwenye wimbi na safari inaishia hapo, utaona ubao unazunguka nyuma-mbele na we uko majini. Na pezi moja kubwa lililosimama wima, pana mpaka karibu na ncha, linazuia mkia usiteleze kando wakati we haupo pale kuukanyaga. Mapezi matatu ya ule ubao mfupi yamepangwa kwa mtu anayesimama nyuma na kukata kona kwa nguvu. Sio mabaya, ni ya kazi nyingine.

Hizi mbao mbili unazouziwa ni za koo mbili tofauti kabisa, na ukijua historia kidogo hutababaishwa na muuzaji. Mwaka 1965 kule Ventura, California, Tom Morey, yule yule ambaye baadaye mwaka 1971 alitengeneza ule ubao mdogo wa kulalia tumbo, aliandaa mashindano ambayo pointi zilihesabiwa kwa sekunde ambazo mtu anakaa puani. Mafundi wakaanza kuchonga mbao maalum za kupata hizo sekunde. Mwaka uliofuata, 1966, Nat Young wa Australia akashinda ubingwa wa dunia kule San Diego kwa ubao mwembamba wa kukata kona, na mchezo wote ukageuka, miaka michache tu baadaye mbao zilikuwa zimefupishwa vibaya sana. Longibodi zilivyorudi zikarudi na sura mbili, moja ya zamani, nzito, ya pezi moja, na nyingine nyepesi iliyokopa kingo na mapezi ya mbao fupi. Ule wa 9 na 1 ni wa ukoo wa pili. Urefu wake unaitwa longibodi lakini roho yake sio ya kukaa puani, unaweza kugusa pua na kurudi haraka na wenye ujuzi wanafanya hivo, ila kwa mtu anayejifunza utakuwa unapigana nao.

Kuhusu lita, muuzaji anaweza kuwa anasema kweli na bado asikusaidie kitu. Lita zinakuambia ubao utaelea vipi ukiwa umelala juu yake unapiga mikono, basi. Hazikuambii hizo lita zimewekwa wapi, na zikiwa zimerundikwa katikati chini ya kifua au zimesambazwa mpaka mbele ni vitu viwili tofauti. Tena ukiwa puani wimbi linalotembea linakubeba kwa mwendo wa maji, sio kwa kuelea. Kwa kilo 68 longibodi yoyote ya watu wazima itaelea nawe vizuri, hapo usipoteze usingizi.

Sasa vipimo. Kwa mwili wako, na kwa mawimbi ya rasi yasiyo makali, mi ningependa uwe kati ya futi 9 na inchi 4 na futi 9 na inchi 6. Upana wa katikati inchi 22 na robo tatu mpaka 23, unene inchi 2 na robo tatu mpaka 3. Pua, ambayo hupimwa inchi 12 kutoka kwenye ncha, iwe kama 18 mpaka 18 na nusu. Watu watakuambia 19, sawa, lakini pua ya 19 kwenye upepo ukiwa umeubeba kichwani utaijua, na ikigusa maji ya mbele inashika na kukurusha. Mkia, nao hupimwa inchi 12 kutoka mwisho, nisingependa ushuke chini ya 14 na nusu, 15 ni safi. Umbo la mkia liwe la mraba au lililokatwa, maana eneo kubwa nyuma linayapa maji mahali pa kukalia. Pezi, kanuni ya mtaani ni inchi moja kwa kila futi ya ubao, kwa hiyo kwenye 9 na 6 tafuta lenye inchi 9 na robo tatu hivi, na mwanzoni lisogeze nyuma kwenye kisanduku chake, ukizoea utaanza kulisogeza mbele kidogo kidogo upate kona rahisi.

Mkunjo wa mkia hauandikwi kwenye ubao na wauzaji wengi hawaujui, kwa hiyo mwambie yule wa 9 na 6 afanye hivi: aulaze ubao kifudifudi juu ya meza, tumbo liangalie juu, aweke rula ndefu au fito iliyonyooka kutoka katikati kuelekea mkiani, alafu apige picha ya ubavuni kamera ikiwa usawa wa ubao. Unatafuta kuona rula imelala vizuri katikati, kisha kwenye futi moja na nusu ya mwisho ubao unaanza kuikimbia kwenda chini, nafasi inafunguka wazi wazi bila kuhitaji kubahatisha. Kama rula inagusa mpaka mwisho, huo ubao ni wa kuteleza haraka mstari ulionyooka, urembo wa zamani tu, achana nao hata kama una pezi moja. Afu mwambie aushike ukingo wa nyuma kwa kiganja na akupigie video, akifunga vidole je kiganja kinajaa mviringo au kuna kona inakata? Mviringo ndo tunataka, mpaka nyuma kabisa.

Na ile hoja ya "wewe ni mwepesi". Ina ukweli, nisiwe mbishi. Mtu wa kilo 68 kwenye ubao wa kilo nane au tisa atasikia uzito kwenye kona, lazima urudi nyuma kabisa juu ya pezi ndo ugeuke, ukisimama katikati na kutikisa mabega hakuna kitu. Kuubeba kutoka kwenye nyumba mpaka majini nayo ni kazi, na ukikupiga kwenye povu sio mchezo. Lakini uzito huo huo ndo unaofanya ubao usitetemeke unapopiga hatua, ukishapata mwendo unaendelea na mwendo wake hata wimbi likilegea kidogo. Ubao mwepesi unasikia kila hatua yako na unapunguza kasi kila ukisogea. Ungekuwa na kilo 55 ningekushusha mpaka 9 na 2 au 9 na 3 bila shida, ungekuwa na 90 ningekupeleka 9 na 8 au 10. Kwa 68 hauko mwepesi kihivyo jamani, hao marafiki nadhani wamezoea kuona wazungu wakubwa wakubwa kwenye rafti.

Futi 10 pia sikushauri kwa sababu ya kijinga tu, ndege. Futi 10 ni zaidi ya mita 3, na 9 na 6 ni kama sentimita 290, na mashirika mengi yana mpaka wa urefu wa mizigo. Kama siku moja utataka kuuleta Entebbe uliza shirika kwanza, tena kwa maandishi, kabla hujalipia. La sivyo uuze huko huko ukimaliza kazi, longibodi nzuri Imsouane haikosi mnunuzi.

Wimbi lenyewe. Imsouane iko kati ya Agadir na Essaouira, na ukifika utakuta sehemu mbili, moja iko wazi kwa bahari inaitwa Cathedral, nyingine ni ile ghuba nyuma ya bandari ya wavuvi. We wako ni ghuba. Wimbi linazunguka rasi, linapoteza ukali, alafu linakwenda kulia mamia ya mita likivunjika pole pole pembeni. Malindi wimbi linavunjikia kwenye mchanga na mara nyingi linafunga lote kwa mpigo, hupati muda wa kutembea. Hapa muda upo, na kwa kuwa unatanguliza mguu wa kushoto utakuwa unaliangalia wimbi usoni, bahati yako. Ila lina tabia yake, ni laini. Sehemu kubwa ya safari wimbi limelala sana, na tumeshaona kwamba mkia unashikwa pale tu kwenye mwinuko karibu na povu. Kwa hiyo hutakaa puani safari nzima na usijaribu. Unasubiri sehemu inayosimama, unarudi nyuma kukanyaga mkia ubao upunguze kasi mpaka povu likufikie, unauelekeza sambamba na wimbi, ndo unaondoka kwenda mbele. Wengi wanakimbia mbele wakati wako mbali na povu, ubao unasimama kama boda iliyoishiwa mafuta, wanalaumu pua. Na hapo ule ubao mzito wa mkia uliokunjwa una kosa lake ambalo lazima ulijue: ule mkunjo ni breki. Kwenye wimbi lililolala sana utaachwa na wimbi mara nyingine wakati mwenye ubao ulionyooka anapita anakupungia mkono. Mi naona ni bei ya haki kwa kile unachokitafuta, lakini wewe ndo utakuwa majini.

Kingine, baridi. Novemba mpaka Machi ndo msimu wenyewe wa mawimbi kule, na maji ya Atlantiki upande ule yanapoa mpaka digrii 16, 17. Mtoto wa Jinja hizo digrii hujawahi kuziona majini. Weka hela ya suti ya mpira ya milimita 4 kwa 3 (unene wa 4 kiwiliwili, 3 mikononi na miguuni) kabla hujaweka hela ya ubao wa bei kali, maana miguu ikifa ganzi huwezi kutembea puani, utakuwa unaburuza nyayo.

Mazoezi kwenye Nile, ndio na hapana. Mawimbi ya mtoni unayajua kuliko mimi, wimbi limesimama pale pale na maji ndo yanapita, unaendesha ukiwa sehemu moja, na mbao zake ni fupi. Longibodi yenye pezi la inchi 10 kwenye maporomoko ni kutafuta jiwe la kulivunja. Na hili nasema kwa ukali: usivae kamba ya mguuni, ile inayokufunga na ubao, kwenye maji ya mto yanayokimbia. Ikinasa kwenye jiwe au mti, maji yanakulaza na mkono haufiki kifundoni. Wanaopanda mbao mtoni wanavaa kamba ya kiunoni inayofunguka kwa kuvuta mara moja. Najua unawafundisha wageni usalama kila siku, lakini akili ya baharini na ya mtoni zikichanganyika ndo ajali hutokea.

Kinachofaa ni yale maji tulivu juu ya bwawa la Bujagali, yaliyofunika maporomoko ya zamani. Azima ubao wowote mrefu wa kusimama na kasia, lala kifua, piga mikono. Misuli ya kayaki na ya kulala kifua sio ile ile, shingo na mgongo wa chini vitakuambia. Nchi kavu weka ubao wa mbao kwenye nyasi, urefu wa ubao wako, na ufanye hatua za kupishanisha miguu, mguu wa nyuma unapita mbele ya mwingine, magoti yamelegea, macho mbele. Usisogee kwa kuburuza mguu mmoja na kuuvuta mwingine, hiyo ukiizoea kuitoa ni shida. Kutoka katikati hadi puani ni hatua nne au tano, na kurudi vilevile kinyumenyume, na kurudi ndo watu hawafanyii mazoezi.

Bega sasa. Bega lililowahi kutoka hutoka tena kirahisi, hasa kwa vijana, na mkao unaolitoa, mkono ukiwa juu na nyuma, ndo mkao wa kupiga mikono ukiwa umelala, na ndo mkao wa kung'ang'ania ubao mzito povu likikupitia. Hili mi siwezi kukuambia kwa maandishi kama liko tayari. Kabla ya Novemba mwone mtaalamu wa viungo ana kwa ana, Jinja au Kampala, akupime nguvu na mwendo wa bega lote, umwambie wazi unaenda kufanya nini. Kama bado linakupa ile hofu ya kutaka kutoka ukiinua mkono, au unaamka usiku na maumivu, hapo swali la ubao gani linasubiri. Na majini ukiona povu kubwa linakuja usijaribu kuushikilia ubao kwa mkono wa kushoto, angalia nyuma kama hakuna mtu, ruka, uache kamba ifanye kazi. Na siku ya msongamano, ambapo nyuma yako hakukosi mtu, usiingie toka mwanzo.

Ningekuwa wewe nisingelipia chochote kwa simu. Wiki ya kwanza kodi, Imsouane za kukodi zipo tele, omba ya 9 na 4 siku moja, ya 9 na 6 siku nyingine, na mwombe mwalimu wa pale akuangalie ukiwa kwenye wimbi, maana ataona kwa dakika kumi mambo ambayo mi hapa naotea. Ukienda kuuona ule wa 9 na 6, ugonge kwa kifundo cha kidole uso wote, sauti ikibadilika kuwa ya kitu kibovu au kidole kikizama, fibaglasi imeachana na povu la ndani. Angalia nyufa kuzunguka kisanduku cha pezi, hapo ndo maji huingia. Upime mkono kama unafika kuubeba kwapani kwenye upana wa inchi 23, kwa mita 1.70 utafika kwa shida, wengine wanabeba kichwani. Na kabla ya hayo yote nitumie ile picha ya rula, nikuambie kama inafaa hata kupoteza muda kwenda kuuona.